Oda ya Meza ya Sita

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa sinia wala kitambaa cha kufutia meza. Nilitwishwa kreti la samaki. Mpishi Mkuu wa mkahawa ule wa ufukweni, Bagamoyo, aliniuliza kabila, nikamjibu Mnyamwezi wa Lusu, Nzega. Akaweka kisu chini taratibu.

"Mpagazi wangu, umechelewa," akasema. "Mababu zako walifika na pembe. Wewe umeleta nini?"

"Nimekuja kukufundisha kuoga, Mzaramo," nikamjibu.

Jikoni wakacheka, na kuanzia hapo nikawa mwenyeji. Nyinyi vijana mnaotaniana kwenye simu huenda hamjui utani wenyewe ni kitu gani. Wazee wetu, wapagazi wa pembe za ndovu, walishuka na misafara kutoka huku Tabora hadi pwani, wakagombana na Wazaramo, wakapatana nao, mwisho wakawa watani. Mtani hukutukana usikasirike, huchukua kitu chako usimdai, na ukifa ana kazi yake msibani. Mpishi Mkuu alikuwa mtani wangu kabla hatujajuana majina.

Kuhudumia mteja wa samaki kuna mambo yake. Pale kwetu mteja aliletewa sinia la samaki wabichi achague mwenyewe. Msimamizi wa wahudumu, mama mkali asiyejua kucheka, alinifundisha kufunua shavu la samaki aina ya changu ili mteja aone wekundu wake, na kutomsifu kamwe samaki ambaye jicho limezama. Pweza alipigwapigwa nyuma ya jiko mpaka alainike, ndipo aonje moto. Halafu unabaki na kibarua cha kumtuliza mteja, maana changu wa mkaa hana haraka na mwenye njaa hana subira. Watu huliona sinia, hawauoni mchanga unaokula miguu. Magoti haya yanayonipeleka kliniki Kitete niliyamaliza kule.

Meza ya sita ilikuwa mbali kuliko zote, na oda zake ndizo zilizochelewa. Nilikuwa nasimama kwenye dirisha la jiko naita, "Mzaramo, oda ya meza ya sita! Umelala?" Naye hujibu kutoka kwenye moshi, "Toka njiani, mpagazi, mzigo unakuja!" Wateja wa siku nyingi waliitaka meza ile makusudi, wasikie.

Kisha akaja Meneja mpya, kijana nadhifu aliyesomea mambo ya hoteli. Wageni fulani walidhani tunagombana, wakalalamika. Akatuita ofisini sote wawili.

"Lugha ile mwisho leo," alisema. "Nikiisikia tena, mama huyu ndiye atakayeondoka."

Mpishi Mkuu alijua nina watoto shuleni na mume mgonjwa. Hakubishana. Kesho yake tukakuta kengele imewekwa dirishani, ya kugongwa chakula kikiwa tayari. Na yeye, aliyezoea kuniamkia "mwangaluka" kwa Kinyamwezi kibovu cha kunikera, akasema, "Habari za asubuhi, dada." Nilikwenda stoo nikalia. Alikuwa ananilinda, nalijua hilo, lakini iliniuma vilevile. Miaka yote iliyobaki tulifanya kazi kwa kengele, na hiyo ndiyo iliyonichosha. Siku nilipostaafu alinifungia samaki wa kukaanga wa kula njiani, akanisindikiza hadi kituoni. "Safari njema, dada." Nilingoja tusi mpaka basi likaondoka.

Juzijuzi simu ikanikuta hapa Isevya, Tabora, nikichambua mchele. Mpishi Mkuu amefariki, mazishi keshokutwa baada ya alasiri, wanamsubiri mwanawe aliye safarini.

"Mama, kwa magoti hayo?" binti yangu akasema. "Si utume rambirambi tu?"

"Rambirambi hutumwa na jirani," nikamwambia. "Mtani huenda mwenyewe."

Basi liliondoka alfajiri ya kesho yake, usiku nikalala njiani, na safari nzima niliogopa jambo moja: kwamba utani wetu ulifia mle ofisini, na nikifungua mdomo msibani nitaonekana mwendawazimu.

Nilifika jeneza likiinuliwa. Nilichukua sinia kwa wanawake waliokuwa wakipika, nikaenda kusimama katikati ya mlango.

"Huyu hatoki," nikasema. "Meza ya sita inangoja samaki tangu siku ya kengele. Mzaramo, umelala?"

Bwana mmoja akanijia aniondoe, mzee aliyekuwa karibu naye akamshika mkono. Mwana wa marehemu, aliyelibeba jeneza mbele, akanitazama kwa macho mekundu.

"Wewe ndiye Mnyamwezi?"

"Ndiye mimi."

Akaliweka jeneza sawa begani. "Toka njiani, mpagazi," akasema, sauti ikimkatika, "mzigo unakuja."

Mjane aliniambia baadaye kwamba mumewe aliyasimulia matusi yetu nyumbani hata miaka ile ya kimya, na mapya akinitungia, ila hakuwa na pa kuyapeleka. Wakati ule sikuyajua hayo. Niliwasikia tu wanawake wakicheka huku wanalia, nami nikatoka njiani.

Sasa nimechoka, na sioni haya kusema hivyo. Vijana wanaohudumu kwenye hoteli za hapa mjini huja kuniuliza habari za kazi, nami nawaambia watazame shavu na jicho. Wanangu nimewaachia agizo moja tu. Siku yangu ikifika, msiharakishe kunitoa. Pigeni simu Bagamoyo kwa yule mwana wa marehemu, mngoje Mzaramo aje anitukane kwanza.