Klachi ya Ovidio Carmenate

Mtaa mzima wa Luyanó, pale Havana, ulijua mambo mawili juu ya Ovidio Carmenate: kwamba hajui kucheza domino, na kwamba gari lake halina hata nati moja ya Kirusi. La kwanza watu walijionea. La pili alilisema mwenyewe, asubuhi na jioni, hata msibani.

Gari lilikuwa la Kimarekani, la mwaka hamsini na mbili, la kijani, aliloachiwa na baba yake, marehemu mzee Casimiro. Magari mengine ya mtaani yalikuwa ya Kimarekani kwa sura tu; ukifunua boneti unakuta injini ya trekta na pampu ya mashine ya kufulia. Ovidio aliyaita wanaharamu. Aliyesimangwa kuliko wote ni jirani yake Nivaldo, ambaye gari lake lilijaa vyuma vya Kirusi. Kila lilipopita likikohoa, Ovidio alivua kofia akamwamkia kwa Kirusi. Nivaldo, mtu mnene na mpole, alicheka tu.

Basi klachi ikaanza kuteleza. Injini inanguruma, gari haliendi. Siku moja kilima cha kanisani kikalishinda, likarudi kinyumenyume huku mkewe Zoraida akiwa ndani anatukana. Mwenye akili angeliingiza uani akalifungua kimyakimya. Ovidio alilifungulia barabarani, mchana kweupe, akawaita majirani waje washuhudie gari lisilochanganywa. Zoraida alimwuliza tangu lini klachi ikawa kitu cha kutazamwa na watu. Akaambiwa alete kahawa.

Wakaliinua juu ya matofali. Chupa ya ramu ikafunguliwa, tone la kwanza likamwagwa chini kwa ajili ya watakatifu, dogo kweli, maana watakatifu hawafungui nati. Ovidio akamwaga oili ya giaboksi, akaitoa propela shafti, akachomoa waya wa spidi na fimbo ya klachi. Ikabaki giaboksi yenyewe. Jeki ya kuishushia haikuwepo, na mtaani kwao jeki ni kifua cha jirani. Kipana kuliko vyote kilikuwa cha Nivaldo. Akaingia uvunguni akalala chali, Ovidio akamaliza boliti za mwisho, na giaboksi ikarudi nyuma polepole ikamlalia kifuani. Wakamvuta miguu, yeye na mzigo wake.

"Mnaona?" Ovidio alisema, akiigonga kwa spana. "Hivyo hivyo ilivyotoka kiwandani."

Na kweli, giaboksi ilikuwa halali. Akarudi uvunguni kufungua presha pleti, ile inayoikandamiza klachi. Klachi pleti ikamdondokea mkononi, akaifuta kwa kitambaa. Ukingo wake ulikuwa umepigwa tupa ili ienee, na katikati palikuwa na herufi za Kirusi, kubwa kubwa. Aibu ilimshika hadi masikio yakawaka. Alikaa kule chini mpaka Zoraida akauliza kama amekufa, ili kahawa yake apewe mtu mwingine.

Alipotoka, pleti ilipita mkono kwa mkono, na watu wakacheka hadi wakashikana mabega. "Nyani haoni kundule," mmoja akasema. Ni Nivaldo peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa anajifuta oili tumboni, wala hakuonekana kushangaa.

"Wewe ulijua," Ovidio akamwambia.

"Mimi na mzee wako ndio tulioifunga, ulipokuwa jeshini. Ile ya zamani ilikwisha kabisa."

"Miaka yote hii nakusimanga, na wewe umenyamaza tu?"

Nivaldo akasita. Akapunguza sauti, lakini Luyanó hakuna sauti ndogo.

"Mzee aliniapisha, ndugu yangu. Alisema, 'Mwache ajisifu. Huyu kijana hana kingine.'"

Kicheko kikakatika. Ovidio akaketi juu ya giaboksi, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akamlilia baba yake, huku akimtukana.