Mama Aikaeli na Matumbawe ya Moshono

Mama mkwe wangu, Mama Aikaeli, alikuja kwetu Moshono kwa wiki moja tu. Alisema hivyo akiwa bado getini, kabla hata sijamaliza kumwamkia, na ili tusidhani anatania akaliweka begi lake nyuma ya mlango wa sebuleni na kukataa lifunguliwe. Akitaka nguo anachomoa moja, ikishafuliwa anairudisha na kufunga zipu. Miezi ikapita begi liko pale pale, na mimi kila nikifagia nalizunguka.

Sababu ya kumleta ilikuwa moja. Baba mkwe alipofariki, mama alibaki peke yake kwenye kihamba, shamba la ukoo, kule Machame, na siku moja akaanguka katikati ya migomba akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Alilala pale, mguu umevunjika, mpaka jirani alipomsikia. Mguu ulipona, lakini mume wangu Fanuel hakupona ile hofu, na mimi pia. Ng'ombe wakapelekwa kwa shemeji yangu Ndesanjo, mama akaletwa mjini Arusha. Sisi tulitaka akae. Yeye alitaka kurudi, na alishatutangazia kwamba Ndesanjo akija Pasaka na gari lake, anaondoka naye.

Sikumlaumu. Mtu amekata majani tangu usichana wake, halafu unamweka kwenye kochi unamkabidhi rimoti! Alikuwa anafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Alikuwa anakaa jikoni ananitazama ninavyopika mtori, kimya kabisa, na mwenye mama mkwe anajua kwamba kimya hicho kina maneno mengi.

Sasa niseme kuhusu tangi. Fanuel ni fundi friji Ngarenaro, na mafundi friji wana ugonjwa wa kuleta nyumbani vitu vilivyowashinda wenyewe. Hoteli moja ilichoka na tangi lake la samaki wa baharini, yeye akalibeba. Akaliweka mahali pa kabati langu la vyombo, jambo ambalo sijalisahau. Akatia maji yaliyochujwa na chumvi maalumu, akafunga taa, akaleta samaki wachache na vipande vya matumbawe vilivyooteshwa na mfugaji wa Nairobi, vyenye vibali vyake, si vya kung'olewa baharini. Nilikuwa nimejiandaa kulichukia. Taa zikawaka. Kulikuwa na tumbawe la zambarau, la kijani, la waridi, yote hai, yanapumua. Nilikaa chini na ungo wangu wa mchele nikasahau kuchambua.

Mama alipokuja, rangi zilikuwa bado zinawaka. Kidogo kidogo zikaanza kufifia. Zambarau ikawa kahawia, kijani kikawa kama chai iliyolala. Na sisi watu wa Arusha tuna jibu moja kwa kila kinachogeuka kahawia: maji. Maji ya Meru ndiyo yaliyotupaka meno yetu rangi, kwa hiyo kila mgeni aliyeingia sebuleni aliliangalia tangi, akacheka kwa meno yake ya kahawia, akasema, "Hayo nayo yameshakuwa ya kwetu." Fanuel akaamini. Akabadilisha chujio, akanunua kubwa zaidi, akakinga hata maji ya mvua. Matumbawe yakazidi kuwa kahawia.

Mwishowe alimpigia rafiki yake wa Dar mwenye tangi kama letu. Yule akamwambia rangi haijaondoka, imefunikwa. Ndani ya tumbawe wanaishi vijimea vidogo mno, na maji yakijaa mabaki ya chakula navyo vinanona na kuzaana mpaka rangi haionekani. "Mnalisha mno," akasema. Fanuel akaapa kwamba yeye hutupia chembe za kubana kwa vidole viwili tu, asubuhi, basi.

Jibu nililikuta mwenyewe. Nilirudi kutoka sokoni siku ya akina mama wa jumuiya ya kanisa kukutana kwetu, nikawakuta wamejipanga mbele ya tangi, na Mama Aikaeli ameshika kopo la chakula cha samaki anamgawia kila mmoja chembe zake atupie. Kwao Machame mgeni akikuta mifugo inalishwa, naye anarusha japo kikonyo kimoja cha majani. Ni heshima.

"Mama," nikamuuliza wageni walipoondoka, "huwa unawapa mara ngapi?"

"Wakinitazama," akasema. "Wanakuja mpaka kwenye kioo, Mama Diana. Mnyama akikutazama vile ana njaa. Nyie mnawanyima tu."

Samaki wale hawana kazi nyingine zaidi ya kutazama watu.

Jioni Fanuel aliposikia, alipandisha sauti. "Mama, kumbe ni wewe unayeharibu maji! Usiliguse tena hilo tangi!"

"Haya, mwanangu," mama akajibu taratibu. Akaenda nyuma ya mlango, akachukua begi, akaliweka kibarazani. Pasaka ilikuwa bado mbali, lakini begi lilishaanza safari.

Nilimwambia mume wangu maneno ambayo hayafai kuandikwa yote. Mojawapo ni kwamba anamfukuza mama yake kwa ajili ya mawe. Akakaa, ameshika kichwa, mnyonge kabisa. Akaniambia yule rafiki alimpa na njia nyingine: tangi dogo chini ya lile kubwa, lenye mwani unaokula uchafu wa maji. "Lakini unaota haraka, lazima ukatwe mara kwa mara. Nani ana muda wa kukata majani?"

Tukatazamana. Nikaanza kucheka mimi, naye akafuata.

Tangi dogo lilipokuwa tayari na mwani umejaa, kijani, umesokotana, Fanuel alimwita mama yake. Kwanza akamwomba radhi. Halafu akasema, "Mama, nisaidie. Haya ndiyo yanasafisha maji. Yasipokatwa yanasongana na kufa, na mimi siwezi."

"Huwezi kukata majani? Wewe, mtoto wa Machame?" Akapiga magoti, akaingiza mkono, akayapapasa. "Ruwa, Mungu wangu, mmeyaachia yakasongana hivi! Mama Diana, lete mkasi."

Kuanzia hapo sebule ikapata mwenyewe. Alikata vizuri, huku akiacha ya kuotea, akasuuza aliyoyakata na kuyaanika uani. Kopo la chakula akalifungia kwenye chumba chake, akawa polisi. Fanuel akipitisha mkono karibu na tangi anaulizwa, "Asubuhi hawakula?" Akina mama wa jumuiya wakija hawapewi tena chembe. Wanaoneshwa shamba la chini, na kila mmoja anapewa zamu ya mkasi.

Halafu siku moja nikiwa uani nikasikia kelele kutoka sebuleni. "Mama Diana! Njoo! Njoo!" Nikatupa nguo nilizokuwa naanika, nikakimbia nikijua ameanguka tena. Alikuwa amesimama, mkasi mkononi, kidole kimebanwa kwenye kioo. Kwenye ncha za tumbawe moja, nyembamba kama uzi, zambarau ilikuwa inatokeza. Alinikamata mikono tukacheza pale pale, mimi na mama mkwe wangu, na mguu wake uliowahi kuvunjika ukifuata mdundo. Wiki zilizofuata kijani kikarudi, waridi nayo ikarudi.

Lakini begi lilikuwa bado kibarazani, tena limetuna kuliko zamani, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Pasaka Ndesanjo akafika. Tulikula, tukaimba, na kila wimbo ukiisha Fanuel alikuwa anatazama nje. Ndesanjo alipoinuka, mama alitangulia kibarazani, akamwonesha begi. Shemeji akaliinua kwa nguvu zote, kidogo apepesuke.

"Mbona jepesi, Mama? Nguo ziko wapi?"

"Nguo ziko kabatini chumbani kwangu, tangu lini sijui." Akafungua zipu. Begi lilikuwa limejaa mwani mkavu, umeshindiliwa mpaka juu. "Hayo wape kuku wako. Na ukirudi uniletee mundu wangu mdogo na ile kanga ya shamba. Mkasi wa hawa watu haukati."