Mgomba jikoni mwa karani

Kwetu milimani, karibu na kijiji cha Kingi, wafu walizikwa nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Hatukuweka msalaba. Baba alipanda mgomba juu ya kaburi, basi, na mama alimjua kila mmoja kwa shina lake. Dada yangu mdogo, aliyefariki kabla ya kuota meno, alikuwa na mgomba wake. Mama hakupita hapo bila kuusalimia.

Miaka ya hamsini posti ya serikali, kituo cha utawala wa wakoloni, ilipanuka hadi ikaimeza milima yetu. Tuliambiwa tuhamie ng'ambo ya barabara. Mama alitaka kitu kimoja tu: aondoke na mtoto wake. Mjomba akachimba penye mgomba. Alifika kiunoni, udongo mtupu.

"Dada, mutoto iko wapi?" aliuliza, kana kwamba mama ndiye aliyemficha.

Sisi wakulima tulisahau kwamba mgomba hutembea. Shina hufa, chipukizi huota pembeni, na miaka inavyopita unasogea. Mama alikuwa akisalimia udongo usio na mtu.

Migomba ikakatwa, nyumba za matofali zikasimama. Penye shamba letu akahamia karani na mke wake, mwanamke wa Walikale mwenye kupenda mzaha. Asubuhi moja alimwita mama kutoka mlangoni.

"Mama, kuja uone! Mugomba wenu unanifuata jikoni. Nakata asubui, mangaribi iko tena. Unataka kunioa?"

Tuliingia. Katikati ya sakafu ya udongo, kando ya mafiga, chipukizi lilikuwa limesimama, jeupe, limenyooka kama kidole.

"Usikate tena," mama alisema.

"Sasa nitapika wapi, ku kichwa yako?"

Mama akamweleza habari za mtoto. Yule mwanamke akaweka kisu chini, hakucheka tena. Mama alipoomba kuchimba sakafu, karani alikataa. Nyumba ni ya serikali, alisema. Lakini kesho yake mke wake alihamishia mafiga nje, mvua ikinyesha.

Mgomba uliota gizani mpaka majani yakagusa mabati. Kila alasiri mama aliketi kando yake, mikono mapajani. Siku moja nilimwuliza kama kweli mtoto yupo pale.

"Sijui," alisema. "Sema polepole, usimwamshe."