Hodi ya Kiganja

Dativa ni fundi cherehani wa Mtanda, mjini Lindi, na mtu wa maneno machache. Binti yake Imani, mwenye miaka tisa, hana maneno kabisa, ana usonji. Alipenda maji baridi kupita kiasi. Aliingia nyumba yoyote aliyoikuta wazi, akatumbukiza mikono ndani ya ndoo ya maji ya kunywa, akatulia.

"Mpaka viwiko, Mama Imani!" alilalamika jirani yao, Mzee Nassibu. "Sisi tunywe supu ya mikono? Mfungie ndani. Akirudi tena, naenda kushtaki kwa mjumbe wa mtaa."

Dativa hakuwa tayari kumfungia mtoto kama mbuzi. Aliamua kumfundisha hodi: agonge mlango kwa kiganja, kisha angoje mpaka asikie "Karibu". Kugonga, Imani alikushika upesi. Kungoja kulimliza. Kila jioni walifanya mazoezi mlangoni kwa Bibi Zakia, jirani wa upande wa pili, aliyekubali kuitikia kutoka ndani. Tatizo la bibi lilikuwa huruma.

"Ingia tu, mjukuu wangu. Kwangu hakuna hodi."

"Bibi, nakuomba," alisema Dativa. "Ukimhurumia hapa, kwa Mzee Nassibu hatahurumiwa."

Tangu siku hiyo bibi alijibanza nyuma ya pazia, ameuma upindo wa kanga, mpaka asikie kiganja.

Alasiri moja ya masika, Dativa aliinua macho kutoka kwenye cherehani, Imani hayupo. Alikimbilia moja kwa moja kwa Mzee Nassibu. Mlango ulikuwa wazi, ndoo inaonekana, ndani hamna mtu. Imani alikuwa kizingitini, amelowa chapachapa, anagonga, anangoja, anagonga tena. Hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba hodi isipoitikiwa, mtu huondoka.

Mzee Nassibu alitokea nyuma yao, akirudi kutoka msikitini. Alichungulia sakafu yake. Haikuwa na tope hata chembe.

"Na mvua yote hii hajaingia?"

"Hajakaribishwa, mzee."

Mzee alizunguka uani, akapita mlango wa nyuma, na sauti yake ikatoka ndani: "Karibu, Imani!"

Imani aliingia, akatumbukiza mikono mpaka viwiko. Mzee aliyatazama maji yake, akatikisa kichwa, akacheka.

"Ya mjumbe yamekwisha. Ila kesho, Mama Imani, mfundishe na kuondoka."