Maji Aliyotema Mashavu

Mimi ndiye wifi yake Mashavu, dada wa mumewe, na usimsikilize mtu mwingine yeyote hapa Kabuku anayejidai kuijua habari hii. Ndani tulikuwa mimi, Mashavu, mama yangu na mtoto. Baba alikuwa nje, na utaona mwenyewe kwa nini ilikuwa heri abaki huko.

Ulikuwa mwaka ule serikali ya Mwingereza ilipogawa vikombe vyenye picha ya Malkia shuleni, nasi tukapata kimoja. Kaka yangu Mbwana alikuwa akikata mkonge Korogwe, anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Mkewe akajifungua mtoto wa kike mwenye nywele tele na sauti ya mnadani. Mama yangu, Mwanaidi, akatangaza kwamba mzazi huyu atamtunza yeye, na asiingilie mtu.

Sasa, mama alikuwa na sifa moja Kabuku nzima, nayo ni kufunga mkaja, ile kanga anayozungushiwa mzazi ili tumbo lirudi. Wengine hufunga tumbo. Mama yangu alifunga mtu. Alianzia nyongani, akaweka goti mgongoni, akavuta kama anafunga robota la katani, akapanda nalo mpaka kwapani. Mashavu akitaka kutazama mlango anageuka mwili mzima. Mtoto akilia, titi linachomolewa kwa juu, bapa kama chapati. Mtoto analishika, linamponyoka, analia tena.

Najua unachofikiri. Sisi hatukukifikiri.

Siku ya tano mtoto alikuwa amesinyaa. Mama alikwisha kumnywesha Mashavu uji wa mtama wenye pilipili manga mpaka akatoka jasho masikioni, na maziwa yakawa matone tu.

"Wifi," Mashavu aliniambia siku hiyo, "mbuzi wa jirani Bernadina ananyonyesha wawili bila kufundishwa na mtu. Mimi nimeshindwa na mmoja. Labda sikuumbwa kuwa mama." Nilitaka kucheka kwa ajili ya mbuzi, lakini nilimtazama machoni nikashindwa.

Mama akakata shauri. Ijumaa ikifika bila maziwa, mtoto atahamia kwake, atalelewa kwa maziwa ya mbuzi. "Mbwana nilimlea hivyo," akasema, "na mabega yake mnayaona." Mashavu akamkumbatia mtoto kama vile Ijumaa imeshapiga hodi.

Lakini kwanza ilibaki dawa moja. Nyumbani kwetu maziwa yakigoma, husemwa mzazi ana kinyongo. Basi anapewa kikombe cha maji, anasema kila lililomkaa moyoni, na kwa kila neno anatema funda moja chini. Msimamizi ni mkubwa wa nyumba, yaani baba yangu, mzee Rehani. Ila mkwe na mke wa mwanawe hawakai uso kwa uso, kwa hiyo baba akaketi nje, mgongo ukutani, nami nikasimama mlangoni kupeleka maneno. Na kwa kuwa baba alikuwa na sikio moja bovu, nilipeleka kwa kelele.

"Nina kinyongo kidogo na kuku," Mashavu akaanza.

"Kuku gani?" mama akauliza.

"Wale wanaochinjwa kwa ajili yangu. Wamekuwa wanne sasa. Mimi nimeona shingo nne." Akatema maji.

Nikageuka. "Baba! Anasema kuku wanne wamechinjwa na yeye ameona shingo tu!"

Kisha baba akakohoa. "Mwambie atapata paja."

Jirani yetu Bernadina, aliyekuja kuomba moto, akatafuta kigoda akaketi huko huko nje. Moto aliusahau mpaka jioni.

Mashavu akaonja raha ya kusema. Mbwana anakoroma. Mbwana ameandika barua kutoka Korogwe, ameulizia ng'ombe kwanza. Mimi niliazima kanga yake mpya ya arusini ikarudi na tundu la pasi. Hilo la kanga sikulipeleka nje, halikumhusu baba. Kikombe cha Malkia kilijazwa mara tatu, sakafu ikawa tope.

Halafu akashusha kikombe. "Limebaki moja. Siwezi kulisema."

"Sema," mama akamwambia. "Mtoto ana njaa."

"Ni la kwako, mama. Mkaja unanibana kifua. Hata kupumua naiba. Niliona haya kukuambia, maana umenifunga kwa mapenzi." Akatema funda la mwisho huku analia.

Nami kwa mazoea nikageukia mlango. "Baba! Anasema mkaja wa mama..."

"Funga mdomo," mama akasema.

Akapiga magoti kwenye tope lile, akaanza kufungua. Ilitoka kanga ya kwanza, ya pili, ya tatu, na chini kabisa ikatoka shuka ya baba aliyoitafuta tangu siku ya uzazi. Mama akafunga upya, tumbo peke yake. Akambeba mtoto, akampanua kinywa kwa kidole, akamweka vizuri titini. Mtoto akashika. Safari hii halikumponyoka.

Maziwa yalikuja polepole, lakini Ijumaa ilipofika gauni la Mashavu lilikuwa limelowa kifuani na hakuna aliyetaja mbuzi. Baba alikwenda akiwaambia watu kwamba tatizo lilikuwa kuku.

Mimi ninachokumbuka ni alasiri ile ile ya kutema maji, mtoto akiwa bado ananyonya. Mama aliketi miguuni pa kitanda na kanga zote mapajani, bila kuzikunja. Akachukua kikombe. Akanywa funda, akalitema chini.

"Mama mkwe wangu alinifunga hivi hivi," akasema. "Mtoto wangu wa kwanza, Mbwana, akaenda kwa mbuzi. Miaka ishirini na sita nimeamini kwamba mbovu ni mimi."

Hilo nalo sikulipeleka nje. Baba akasubiri, akachoka.

"Anasemaje?" akauliza.

Mashavu ndiye aliyejibu, mtoto kifuani. "Wifi, mwambie baba mapaja yawe mawili. Moja la mama."