Siku Mama Mkwe Alipoingia Bwawani

Mwaka ule niliokuwa nikiwapeleka watoto wangu kuogelea, sikumbuki Jumapili hata moja niliyoamka nikiwa nimelala vya kutosha. Binti yetu alikuwa amevuka miaka miwili kidogo. Mdogo wake wa kiume alikuwa na miezi minane, na meno yake ya kwanza yalikuwa yakitoka kwa fujo. Mke wangu ni muuguzi, na Jumapili zote alikuwa zamu. Akishatoka saa kumi na mbili asubuhi, nilibaki na watoto wawili, chupa ya uji, mayai ya kuchemsha, taulo tatu na mkoba wa nepi ambao haukuwahi kufungika vizuri. Kufikia saa tatu tulitakiwa tuwe kwenye hoteli moja ya hapa Homa Bay yenye bwawa dogo la watoto. Misa nilikuwa nimeiacha tangu masomo hayo yaanze, na nilishachoka kujitetea juu ya hilo.

Majirani walishangaa. Ziwa lile pale, walisema, kwa nini ununue maji ya bomba uwatumbukize watoto? Niliwajibu kwa kichocho na viboko, na jibu hilo liliwatosha. Sababu yenyewe ilikuwa ya mke wangu. Yeye ni mtoto wa Muhuru Bay, na kaka yake, kitinda mimba wa kwao, alizama asubuhi moja mashua ilipopinduka karibu kabisa na ufuo. Wengine wote walifika nchi kavu. Yeye, aliyezaliwa akisikia mawimbi, hakujua kuogelea. Binti yetu alipoanza kutembea, mke wangu aliniambia huku akikunja nguo, bila kuniangalia, "Watoto wangu watajua maji kabla ya kujua kusoma." Nikakubali. Sikujua kwamba mimi ndiye ningeingia nao.

Mimi ni wa Kegonga. Kwetu mto mkubwa niliouvuka utotoni ulinifika magotini, na hata huo niliuvuka nimeshikwa mkono. Nilinunua kaptura ya kuogelea nikiwa na miaka thelathini na sita, mwalimu wa hisabati, baba wa watu.

Aliyetufundisha alikuwa dada mmoja mwenye sauti iliyokauka kwa kuimbia watoto juma zima. Kanuni yake ilikuwa moja: kila mtoto na mtu mzima wake. Jumapili ya kwanza nilimfikia na watoto wawili, mmoja mkononi na mwingine kaning'inia shingoni. Akaniangalia kwa huruma.

"Mama yao yuko wapi?"

"Kazini."

"Basi leo utaogelea na mmoja, na mwingine atalia kwa kiti."

Ikawa hivyo. Yule wa kwenye kiti alilia mpaka wageni waliokuwa wakinywa chai wakahamia ndani. Jumapili ya pili nilibadilisha, nikaingia na mdogo kwanza, naye akachafua bwawa kupita nepi zake zote. Tulitolewa majini sote, kina mama sita na watoto wao, tukasimama pembeni tukitetemeka huku mfanyakazi wa hoteli akileta wavu na dawa. Hakuna aliyenilaumu. Mama mmoja hata alinipa biskuti. Lakini nilipofika nyumbani nilikaa kwenye ngazi na watoto wote wawili mapajani, sina nguvu ya kufungua mlango, na jioni nilimwambia mke wangu kwamba peke yangu siwezi.

Akampigia mama yake simu.

Hapo inabidi nieleze jambo. Kwa Wajaluo, kama ilivyo kwetu Wakuria, mkwe ni mtu wa heshima na umbali. Mama mkwe wangu hakuwahi kulala chini ya paa langu, wala hatukuwahi kula meza moja. Tukikutana njiani, mmoja wetu hupinda kidogo. Yeye hujua Kijaluo, mimi Kikuria, kwa hiyo maneno yetu machache hupita kwa Kiswahili, naye daima huyapitisha kwa mtu mwingine, siku hizi kwa mtoto, hata kama mtoto yuko mgongoni kwake na mimi nimesimama hatua tatu mbele. Akitaka kujua kama nimekula, humwambia binti yetu, "Muulize baba yako kama tumbo yake iko sawa."

Ilikuwa miezi ile ambayo uvuvi wa omena, dagaa wa ziwa letu, hufungwa, naye, kwa kuwa biashara yake ni kuanika na kuuza omena, alikuwa na nafasi. Alikuja akafikia kwa rafiki yake wa kanisani hapa mjini. Sabato alikwenda kanisani, na Jumapili asubuhi tulimkuta tayari kwenye lango la hoteli, amevaa gauni lake la bluu na viatu vya kufunga. Alimpokea mdogo kutoka mikononi mwa mwalimu, kwa maana nilikuwa nimempitisha huko kwanza, akachagua kiti cha plastiki, akakigeuza kikatazama jikoni. Akaketi akiyapa maji mgongo.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda Jumapili mbili. Mimi ndani na binti, yeye nje na mdogo, kisha mtoto anabadilishwa. Hakugeuka hata mara moja. Binti akimwita, "Dani! Niangalie!" bibi yake alijibu, "Naona, nyathina, mtoto wangu, naona," huku macho yake yakiwa kwenye sufuria za hoteli.

Nami sikuwa mwanafunzi mzuri. Mwalimu alitufundisha kuwamwagia watoto maji kichwani baada ya kuhesabu tatu, kupuliza mapovu, kupiga mateke tukiwa tumewashika kwapani. Yote hayo nilifanya nimekaza meno. Maji yalinifika kiunoni, lakini kila nilipopiga hatua kwenye vile vigae vyenye utelezi, moyo wangu ulikuwa ukiteremka mlima.

"Baba, legeza mikono," mwalimu alikuwa akiniambia. "Mtoto anasikia kila kitu kwa mikono yako."

Nililegeza, na hatua moja baadaye nilikuwa nimekaza tena.

Jumapili ya tano tulifika kwenye kuelea chali. Kichwa cha mtoto kinalala begani kwa mzazi, mkono mmoja chini ya mgongo, masikio yanaingia majini, naye anatakiwa atazame mawingu. Watoto wengine walikubali. Binti yangu, maji yalipogusa masikio yake tu, alijikunja kama kambare na kupiga kelele ambayo nadhani ilisikika sokoni. Tulijaribu mara ya pili. Mara ya tatu alinishika nywele, akanikwaruza shingo, akaliita jina la mama yake. Usiku uliotangulia mdogo alikuwa ameniamsha mara nne. Nilijikuta nataka kulia mimi mwenyewe.

"Basi," nikamwambia binti. "Basi, mama. Tunatoka."

"Usimtoe."

Sauti ilitoka kwenye kiti cha plastiki. Mama mkwe alikuwa amesimama na amegeuka. Katika miaka yote ya ndoa yangu, hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu moja kwa moja. Nadhani alilisikia mwenyewe likitoka, kwa sababu aliangalia chini haraka, akamtafuta binti yetu kwa sauti.

"Mwambie baba yako atoke kwa maji. Mimi niingie."

Mwalimu alikuwa na haraka ya kusaidia. "Nafasi iko, mama. Baba anaweza kubaki tu pale upande mwingine."

"Haiwezekani," mama mkwe akasema. "Huyo ni mkwe. Siwezi kuwa kwa maji moja na yeye."

Mwalimu, Mjaluo mwenzake, alielewa papo hapo, akanyoosha mikono. Nilimpa binti yetu, bado anapiga kelele, nikapanda ngazi nikijifunga taulo mpaka kifuani. Mama mkwe alimlaza mdogo juu ya taulo pale chini, akarudi nyuma hatua kadhaa, uso pembeni. Nikamwokota mtoto, nikaenda nyuma ya ukuta wanakoanika mashuka ya hoteli. Kwa hiyo yaliyofuata sikuyaona. Niliyasikia.

Nilisikia viatu vikivuliwa, kimoja, halafu kingine. Nilisikia kina mama wakinyamaza. Kisha maji yakafanya sauti nzito, ya mtu anayeingia na nguo zake zote, na mama mmoja akasema "Yawa!" kwa mshangao. Binti aliendelea kulia. Chini ya kilio chake nilianza kusikia Kijaluo, polepole, bila kupumzika, sauti ile ile anayotumia akipembua omena. Maneno mengi sikuyajua. Nilijua nyathina. Nilijua pi, maji. Kilio kikawa kwikwi. Kwikwi zikaachana. Halafu kukawa kimya.

Kimya karibu na maji ni kitu kibaya. Nilisimama pale na mdogo begani, shuka lenye maji likinigusa uso, nikihesabu, miguu inataka kukimbia na adabu inaizuia. Nilifika kumi na saba.

"Baba!" mwalimu akapaza sauti. "Anaelea! Hashikwi na mtu! Njoo uone!"

"Asije!" mama mkwe akasema, kisha akacheka, kicheko kifupi ambacho sikuwa nimewahi kukisikia.

Hoteli ilimpa shuka kubwa ajifunike huku gauni likikauka juani. Nilingoja hadi mwalimu aliponiambia ameshajisitiri vizuri, ndipo nikatokea, nikaketi mbali, tukagawana yale mayai kupitia kwa binti, aliyekuwa akienda na kurudi kati yetu akiwa na nepi tu na fahari nyingi. Mama mkwe hakula lake. Alilishika mkononi, akamwita mjukuu wake.

"Mwambie baba yako. Mjomba yako alikuwa analia hivi hivi. Nilimpeleka pale ufuoni mara tatu. Mimi nilijua kuogelea tangu msichana, tulikuwa tunaoga mbali huko. Yeye maji ikimgusa masikio, analia. Nikamwonea huruma, nikamtoa. Nikasema atajifunza akikua mkubwa."

Binti alikuja kwangu na mdomo uliojaa kiini cha yai, akiwa na ujumbe aliopewa, akatafuta ndani yake kilichomfaa.

"Baba," akasema, "mjomba alilia."

"Nimesikia," nikamwambia. "Mwambie dani nimesikia."

Labda mtu aliyelala vizuri angejua la kuongeza. Nilimtazama binti akirudi kwa bibi yake, akapanda mapajani, akamnyang'anya lile yai.

Jioni mke wangu aliporudi nilikuwa sakafuni, mdogo amelala tumboni kwangu. Nilimweleza kwamba mama yake aliingia bwawani. Aliketi kitandani na viatu vyake vya kazi miguuni.

"Alivaa nini?" akauliza.

"Gauni la bluu."

"Lile la kanisani?"

"Lile."

Akaweka mikono usoni, na kwa muda sikujua kama anacheka au analia. Baadaye, akiwa amegeukia ukuta, aliniambia kwamba zamu za Jumapili alikuwa akiziomba mwenyewe. Hakutaka kuwa karibu akiona kichwa cha mtoto wake kikiingia majini. Nilipaswa kukasirika, nafikiri. Mwezi mzima nilikuwa nimezunguka na ule mkoba. Lakini hasira nayo inataka nguvu. Nilimwambia tu, "Ungeniambia," naye akasema, "Najua," na hapo tukaishia.

Tangu siku hiyo kazi yangu ikawa ukutani. Mama mkwe aliingia na binti kwanza, kisha na mdogo, kila Jumapili kwa mwezi mzima, akiwa sasa na gauni la zamani alilolishonea lastiki magotini lisielee. Mimi nilingoja nyuma ya mashuka na yule asiye na zamu. Binti alijifunza kujigeuza chali mwenyewe na kupiga mateke mpaka kwenye ngazi. Mdogo hakujifunza chochote zaidi ya kunywa maji ya bwawa na kutabasamu. Mimi hadi leo siogelei.

Karibu na siku ya kufunguliwa ziwa, mama mkwe alisema anarudi kwenye omena yake. Jumapili yake ya mwisho mke wangu aliomba apumzike kazini, akaja nasi. Hakuingia. Mwalimu aliniambia alikaa ukingoni, akakunja sketi, akatia miguu majini mpaka vifundoni, akamwangalia mama yake akienda na mtoto mbali kidogo, kisha mbali zaidi. Natamani ningeliona hilo. Nilikuwa mahali pangu, mdogo amelala begani kwangu, jua limepasha ukuta mgongoni. Nilisikia binti akihesabu moja, mbili, tatu. Nilisikia maji. Sikusikia zaidi, kwa sababu nililala nimesimama, na mwalimu ndiye aliyekuja kunishika mkono kuniambia kwamba somo limekwisha, watu wanavaa, na mama mkwe ameshatangulia getini ili nipate nafasi ya kupita.