Bambo Halichomwi Mahali Pamoja

Iko siku moja ya likizo, mwanangu, ambayo naikumbuka kila nikisikia mtu akitamka neno "wastani". Uhuru ulikuwa bado mbichi. Wazungu wa Uasin Gishu walikuwa wakiuza mashamba na kwenda zao, na wazee wetu walikuwa wameunda kikundi cha kununua shamba moja upande wa Chepsaita. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na suti moja na somo moja, takwimu. Suti ilinibana. Somo lilinipwaya.

Tulikwenda kuliona shamba tukiwa tumejazana kwenye trela ya trekta. Mwenye shamba alitupokea langoni, akatuambia kwamba linatoa wastani wa gunia kumi na tano za mahindi kwa ekari. Mwenyekiti wetu akanigeukia.

"Wewe wa chuo, hiyo wastani ni nini?"

Nilikuwa nimeingojea siku hiyo maisha yangu yote. Nilisimama juu ya trela nikafundisha. Wastani, nikasema, ni kukusanya mavuno yote mahali pamoja, kisha kuyagawa kana kwamba kila ekari ilizaa sawa na mwenzake. Nikanogewa. Nikawaonya kwamba wastani una hila zake: tajiri mwenye ng'ombe mia akiingia kanisani kwetu, wastani wa ng'ombe kwa kila muumini unapanda papo hapo, na hakuna ndama aliyezaliwa. Ndiyo maana wasomi hupenda pia kuwapanga watu mstari, kuanzia mwenye vichache hadi mwenye vingi, kisha wakamtazama aliyesimama katikati. Huyo hatikiswi na tajiri wa mwisho wa mstari. Wazee wakapiga makofi. Msema pweke hakosi.

Ambaye hakupiga makofi ni Mama Jeruto, jirani yetu, mjane. Alikuwa ameuza ng'ombe wake wote ili aingie kikundini, na haki yake ilikuwa kipande kimoja tu, ambacho angekipata kwa kuokota kura kama wenzake. Mpima ardhi alikuwa amekwisha piga vigingi vya kugawa vipande, kila kipande na namba yake.

"Kijana, umesema vizuri," akaniambia. "Sasa mimi nikiokota kura, nitaokota hiyo wastani?"

"Hapana, Mama. Utaokota kipande."

"Na hiyo kipande ikiwa ni mawe?"

"Hata hivyo, wastani itabaki..."

"Wacha ibaki huko juu ya trela na wewe. Mimi niko na watoto, na hawajajifunza kula wastani."

Watu wakaangua kicheko, na mara hii nilichekwa mimi. Lakini maneno yale yaliniwasha kama kiberiti. Mama huyu alikuwa ameuliza habari ya mtawanyiko, yaani vitu vimeachana kiasi gani, cha juu kiko wapi na cha chini kiko wapi. Mashamba mawili yanaweza kuwa na wastani uleule, moja limelingana kote, jingine nusu neema na nusu njaa. Na sisi tulikuwa tumeona pale langoni tu.

Nikaruka chini. Nikawauliza kama wamewahi kumwona mkaguzi wa mahindi ghalani Eldoret akichoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea punje.

"Anachoma upande moja?"

"Pande zote," mwenyekiti akasema. "Wakora wanaweka mahindi mazuri juu."

Basi, nikamwambia, hiyo ndiyo sampuli: punje chache zinazosema kwa niaba ya gunia zima, mradi mwenye gunia asichague zitoke wapi. Wala sisi tusichague, kwa sababu miguu nayo hupenda karibu. Tukaandika namba za vipande kwenye karatasi, tukazitia katika kofia ya mwenyekiti, Mama Jeruto akawa anaokota. Kila namba iliyotoka tuliikimbilia na majembe, wazee wazima wakishindana kama watoto wa shule, suti yangu ikipasuka kwapani.

Juu kwenye kilima jembe lilizama bila kelele. Chini, kuelekea mtoni, liligonga murram, ile changarawe nyekundu ngumu, likalia. Namba nyingine iliyookotwa ikatuangusha hukohuko chini. Likalia tena. Mwenye shamba akaanza kutazama saa yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

"Tutanunua," mwenyekiti akasema hatimaye, "lakini hivi vigingi ving'olewe. Kila mtu apate ukanda mrefu, kutoka kilimani mpaka mtoni."

Kwa kuwa kura ilikuwa bado, hakuna aliyejua ni nani angeangukia mawe, kwa hiyo hakuna aliyepinga. Msimu uliofuata Mama Jeruto alipanda mahindi juu, na chini kwenye murram akafunga mtamba wake wa kwanza apate malisho.

Mwanangu, usiogope hesabu, na usiiabudu. Ukiambiwa wastani, uliza wa chini kabisa anapata nini. Ukiambiwa "tumepima", uliza walipima wapi na nani aliwachagulia mahali. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kupiga makofi kabla ya kuuliza. Mungu akuzidishie elimu, na kila akikuzidishia, asikunyime mtu wa kukuuliza kama watoto wake watakula.